Chizi Wangu

Stendi ya Mombo saa nane mchana, jua halina huruma. Basi la Arusha likifunga breki, wauza matunda wanakimbilia madirishani na mabeseni ya mapeasi na maplamsi ya Lushoto, konda anapiga bodi kwa kiganja, abiria wanatoa mikono nje na noti za buku mbili. Pembeni ya hiyo purukushani, kwenye njia panda ya kupanda Soni, kuna mwana mmoja ana meza ya slipa. Kazitundika kwenye kamba ya katani: nyeusi, nyeupe, na zile za rangi ya mchanga, nene chini kama tofali, soli imekatwa meno meno. Zote feki za Kichina, na kitaa kizima kinazijua kwa jina moja: Yeezy. Dereva boda anazo. Mama ntilie anazo, anamwagia maji ya vyombo. Ustadhi naye anazo, anaendea udhu.

Adidas walimtema mwenye jina hilo tarehe 25 Oktoba 2022. Dili la mabilioni likafa ndani ya siku moja. Mombo slipa zake hazijawahi kushuka kwenye kamba.

Ndiyo maana usishangae masela wa bodaboda wakimjadili Kanye West, siku hizi anajiita Ye, kama vile wanamjadili jirani wa Mazinde. Ngoma zake tumezisikia kwenye simu za wana, sura yake tunaijua, viatu vyake tunatembelea. Na kila akizingua, benchi letu linagawanyika vilevile. Mmoja atasema, "Kiki hiyo, jamaa ana albamu jikoni." Mwingine: "Muacheni, fyuzi imeungua. Mwehu hana dhambi." Wa tatu, huyu huwa anaongea kwa sauti kuliko wote: "Chizi kama huyo dawa yake ni kipigo." Nimekaa kwenye benchi hilo miaka mingi na nimewahi kuwa upande wa kila mmoja wao. Naandika hapa kwa sababu yote matatu tuliyasema juu ya mwana wetu wenyewe, na hayo matatu hayakumsaidia mtu.

Tuanze na Ye, maana stori yake iko wazi duniani.

Jamaa kazaliwa Atlanta mwaka 1977, akakulia Chicago na mama yake, Donda West, aliyekuwa profesa wa Kiingereza. Oktoba 2002 alipata ajali mbaya ya gari, taya likavunjika, na kabla waya hazijatolewa mdomoni akaingia studio kuchana. Hapo ndipo ulimwengu ulipomjua. Novemba 2007 mama yake akafariki baada ya upasuaji wa urembo. Wanaomfuatilia wanakwambia kuna Kanye wa kabla ya msiba ule na kuna wa baadaye, na mimi naafiki. Novemba 2016 yuko kwenye ziara, anaanza kulaumu watu jukwaani, anakata shoo katikati, ziara inafutwa, anaishia hospitali. Mwaka 2018 akatoa albamu na kwenye kava lenyewe akaandika kuhusu bipola yake. Mwaka huohuo, ndani ya Ikulu ya Marekani, akasema madaktari walikosea, kumbe shida ni kukosa usingizi. Februari 2025 akasema si bipola, ni usonji. Januari 2026 akalipia ukurasa mzima kwenye gazeti la Wall Street Journal kuomba radhi kwa aliowaumiza, akirudi tena kwenye bipola na ile ajali ya 2002.

Sisi wa benchi si madaktari. Ugonjwa wa mtu hatuwezi kuupima kwa klipu ya sekunde 30. Lakini kupanda na kushuka namna hiyo, kukubali ugonjwa leo na kuukataa kesho, mtu yeyote aliyeishi nyumba moja na mgonjwa anakujua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wanaishi na bipola. Hao si wa Marekani tu. Wamo wa Korogwe, wa Handeni, na huenda yumo mmoja mtaani kwenu ambaye mnasema karogwa.

Afrika Mashariki tuliwahi kumpata jamaa live. Oktoba 2018 alitua Uganda na mkewe wa wakati huo, Kim Kardashian, wakakaa mbugani kule Murchison Falls, kisha wakaenda Ikulu Entebbe kumwona Rais Museveni. Ye akampa mzee raba zenye saini yake. Mzee naye akawapa majina ya kwao: Ye akaitwa Kanyesigye, Kim akaitwa Kemigisha. Picha zilitembea mpaka kwenye simu zetu huku bondeni. Tulicheka sana siku ile, rais wa nchi ameshika raba. Hakuna aliyeuliza kama bro analala usiku.

Na ilikuwa imepita miezi mitano tu tangu atoe lile neno lake kuhusu utumwa. Mei 2018, kwenye ofisi za TMZ, mtandao wa umbea wa mastaa, alisema utumwa uliodumu miaka 400 kwake unasikika kama watu walichagua wenyewe. Mle ndani alikuwepo mfanyakazi mmoja mweusi, Van Lathan. Akasimama palepale, akamwambia mbele ya kamera kwamba amemvunja moyo na ameumia, kwamba wakati yeye anaishi kistaa wengine bado wanabeba mzigo wa hayo anayosema ni hiari. Hakumwita chizi, wala hakumcheka. Alimjibu kama mtu anayemjibu mtu. Mimi huo ndio mwitikio ninaouheshimu kuliko yote iliyowahi kutolewa kwa Kanye West, na ulikuja papo hapo, bila maandalizi.

Sasa ngoja nikuonyeshe kwa nini neno lile linatugusa sisi wa bonde hili, mgosi wangu, kuliko wengi wanavyodhani.

Ukitoka Mombo kuelekea Same unapita Mazinde. Karne ya 19 pale ndipo alipokaa Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, akiushika mkondo wa misafara inayopanda na kushuka bonde la Pangani. Kimweri alipofariki mwaka 1862, watu wa ukoo wake, Wakilindi, wakagombea ufalme, na vita vile vilizalisha mateka. Watu wa milima hii, wakubwa kwa watoto, walikamatwa na kuuzwa kuelekea Pwani. Halafu inua macho uangalie milima ya Usambara. Huko juu, ndani ya wilaya yetu hii ya Korogwe, kuna mahali panaitwa Lutindi. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo pale kwa ajili ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Watoto, wanangu. Wengine hawakujua hata kwao ni wapi. Nenda kawaambie wale kwamba walichagua.

Na mwaka 1904 Lutindi hiyohiyo ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Miaka 23 kabla ya Mirembe ya Dodoma, ambayo ilianza 1927. Ipo mpaka leo chini ya KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na wagonjwa waliopata nafuu wanafanya kazi za shamba na za mikono kama sehemu ya tiba. Sisi wa bondeni tumeigeuza jina la tusi. Mtu akikosea chenji: "Mpandisheni Lutindi." Mtoto akichelewa kuelewa hesabu: "Wa Lutindi huyo." Sehemu iliyowapokea watoto wa utumwani, kisha ikawapokea wagonjwa waliokuwa wanafungwa kamba majumbani, tumeifanya utani wa kijiweni. Mimi mwenyewe nimeutumia. Naona aibu kuuandika.

Tuje kwa kubwa zaidi, la Wayahudi. Oktoba 2022 Ye aliandika mtandaoni kwamba anajiandaa kuwavaa Wayahudi kama mtu anayekwenda vitani. Desemba mosi akaingia kwenye kipindi cha mtangazaji Mmarekani Alex Jones, amefunika uso mzima kwa kitambaa cheusi, akamsifia Hitler. Mwaka uliofuata mwishoni akaomba radhi kwa Kiebrania. Februari 2025 akarudi kulekule, akajiita Mnazi, akauza fulana zenye alama ya swastika, na Mei akatoa wimbo wa kumtukuza Hitler. Mwaka huohuo Australia ikamfutia viza.

Benchi letu lilichukulia kirahisi. Wayahudi hatuishi nao Mombo, na Hitler kwa vijana wengi ni jina la kutishia tu, kuna mpaka mbwa wanaitwa hivyo. Wanangu, yule bwana na serikali yake waliua Wayahudi milioni sita. Na kuna jambo lingine ambalo lilinifanya niweke simu chini siku nilipolijua. Julai 1933, miezi michache tu baada ya Hitler kushika nchi, Ujerumani ilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu watu wenye magonjwa yaliyodaiwa kuwa ya kurithi. Sheria ile iliyataja magonjwa kwa majina, na mojawapo ni lile ambalo madaktari wa enzi hizo waliliita wazimu wa mzunguko, wa kupanda na kushuka. Leo tunauita bipola. Miaka michache baadaye, kwenye mpango uliojulikana kama T4, wagonjwa wa akili na walemavu zaidi ya 70,000 walitolewa hospitalini kwao, wakapakiwa kwenye mabasi, wakauawa kwa gesi. Hiyo ni mwaka 1940 na 1941 peke yake.

Kwa hiyo mtu mweusi, anayesema ana ugonjwa huo, anamsifia mtu ambaye angekuta jina la ugonjwa wake kwenye orodha. Nilipolielewa hilo sikumsamehe Ye, ila nilianza kumwogopea. Na nikaacha kucheka.

Watu wananiuliza: sasa ni ugonjwa unaongea au ni yeye? Swali hili limenisumbua kwa sababu ya mwana wetu, kwa hiyo niruhusu nimuelezee. Jina lake silitaji. Nitamwita chizi wangu, maana ndivyo tulivyokuwa tunaitana kabla hajaumwa. Kiswahili chetu cha kitaa kina hiyo kitu: chizi ni mwendawazimu, na chizi ni mshkaji wako wa damu. "Niaje chizi wangu." Tuliitana hivyo tangu shule ya msingi.

Alikuwa anauza matunda dirishani, halafu akapata ukonda. Mpole, mcheshi, hela yake anampelekea bi mkubwa. Mwaka mmoja kiangazi kikiwa kikali akaanza kutolala. Usiku wa kwanza tukasema ana mawazo. Usiku wa nne bado yuko stendi saa tisa alfajiri, anaongea haraka mpaka maneno yanapandana, macho yanang'aa. Akanunulia stendi nzima soda, kreti nne. Akasema anafungua kampuni ya mabasi, tayari ana jina. Tulikunywa zile soda. Tulimpigia makofi. Leo najua ule ulikuwa muda wa kumshika mkono na kumpeleka kwa daktari, na sisi tulikuwa tunamwambia aongeze kreti.

Siku ya sita akaanza kutukana. Alisimama juu ya kreti zilezile, akaanza na makabila: Wapare hivi, Wazigua vile, Wamasai na harufu yao, Wasambaa wenzake nao na ushamba wao. Akamgeukia mzee mmoja anatoka msikitini. Kisha akamgeukia mama mmoja muuza machungwa, mama ambaye alikuwa kafiwa na mtoto mwaka uleule, akamwambia neno kuhusu yule mtoto. Sitaliandika. Stendi nzima ilikaa kimya sekunde kama tatu hivi, mpaka injini ya basi ukaisikia vizuri. Halafu mtu mmoja akacheka, na baada ya hapo simu zikatoka mifukoni.

Nilihesabu baadaye kwenye klipu yenyewe: mikono saba imeinua simu. Mmojawapo ni wangu, unaujua kwa bangili ya shanga. Mtu akamrushia ganda la chungwa ili achachamae zaidi. Mwingine akamuuliza swali la kumchokonoa kuhusu kabila jingine, na jamaa akajibu, na watu wakaanguka kwa kicheko. Bi mkubwa wake alifika na kanga moja, viatu hana, anamvuta mkono anamwita jina la utotoni. Hata hilo limo kwenye klipu.

Jioni ile klipu ilikuwa Korogwe. Kesho yake iko Tanga mjini. Familia wakampeleka kwa mganga kwanza, wiki kadhaa, akarudi na chale na hajapona. Mimi siwalaumu. Julai 2020, baada ya Ye kulia mbele ya umati kule South Carolina kwenye kampeni yake ya urais, Kim aliandika kwamba familia ya mgonjwa mtu mzima haina nguvu, hawezi kulazimishwa. Yeye ana pesa zote zile na anasema hivyo. Fikiria mama wa Mombo na noti tatu za msimbazi kwenye pindo la kanga. Mwishowe mjomba mmoja akakodi Noah, wakampandisha Lutindi.

Alikaa miezi. Kwenye benchi letu mijadala iliendelea, na ilikuwa ileile ya Ye. Kuna waliosema alikuwa anajifanya ili akwepe deni. Kuna waliosema haya yote ni ugonjwa, tusiseme neno, yule mama wa machungwa asahau. Kuna walioapa akirudi wanampasua.

Mimi kilichonikosesha usingizi ni kingine. Niliirudia klipu nikasikiliza matusi yale moja moja, na yote nilikuwa nayajua. Lile la Wapare ni utani wetu wa kila siku. Lile la Wamasai nilishawahi kulisema mimi, kwa sauti ya chini, nikachekewa. Ugonjwa ulimlegeza breki, ukampa mwendo, ukamnyima usingizi na aibu. Lakini ule mzigo alioumwaga juu ya kreti ulikuwa wa kijiwe kizima. Tulikuwa tumemjazia sisi, miaka, taratibu, tukiita utani.

Na kwa Ye naona hivyohivyo. Hakuamka asubuhi akabuni chuki dhidi ya Wayahudi. Zile nadharia kwamba Wayahudi wanaendesha benki, wanaendesha muziki, wanaendesha dunia, zilikuwepo kabla hajazaliwa, ziko mitaani, ziko kwenye video ndefu za usiku wa manane, na hata huku kwetu kuna wanaozituma kwenye magrupu kama siri kubwa ya dunia. Kichwa kisicholala kinaokota kilicho karibu. Ndiyo maana "ni mgonjwa tu" ni jibu fupi mno. Linawasafisha wote waliomlisha, na linawapaka matope wale milioni 40 ambao wanaumwa kama yeye na hawajawahi kumsifia muuaji yeyote. Nimekutana na dada mmoja wa Korogwe, anatumia dawa za bipola mwaka wa tano sasa, anafundisha watoto kusoma. Aliniambia kila Ye akiropoka, yeye siku hiyo anaficha dawa zake kazini. "Wataniangalia," alisema.

Wanaosema ni kiki nao wajue hawajui wanachosema. Kiki mtu anapanga, anavuna, anatulia. Mtu anayepoteza mkataba wake mkubwa kuliko yote, anapoteza marafiki, anaomba radhi kisha anarudia kilekile, hiyo siyo mahesabu ya biashara. Na hawa wa kipigo, mimi sina mjadala nao. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inamtambua mgonjwa kama mtu mwenye haki ya kutibiwa. Hakuna kifungu cha makofi ya stendi.

Lakini maneno yaliyoumiza yanabaki yameumiza. Hilo nilijifunza kwa chizi wangu mwenyewe.

Alirudi mwezi wa sita, baridi ya milimani inashuka mpaka kwetu asubuhi. Mwili umejaa kwa sababu ya dawa, anaongea polepole, na akishika kitu mkono unatetemeka kidogo. Siku ya pili tu akaenda kwa yule mama wa machungwa. Nilikuwa nimekaa karibu, namalizia chai. Mama kakaa kwenye kigoda chake, kisu mkononi, anamenya yale machungwa ya kijani ya Muheza kwa ule mtindo wa ganda moja refu lisilokatika. Chizi akageuza ndoo tupu, akakaa mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nilidhani atasema hakumbuki. Wote tungempokea kwa hilo, na ingekuwa rahisi kwake. Akasema, "Mama, yale maneno nayakumbuka. Nilikuwa naumwa, ila nayakumbuka yote, na lile la mwanao nalikumbuka. Naomba unisamehe."

Mama hakuinua macho. Ganda likaendelea kuteremka mpaka likafika kwenye vumbi. Akamaliza, akakata kichwa cha chungwa, akamnyooshea. Hakusema amesamehe. Chizi akalipokea kwa mikono miwili ili lisitetemeke, akalinyonya palepale, akashukuru, akaondoka. Mama akachukua chungwa jingine. Ilimchukua karibu mwaka mzima kabla hajaanza tena kumwita kwa jina, na hakuna mtu pale stendi aliyemharakisha. Ilikuwa haki yake.

Alienda pia kwa yule mzee wa msikitini, akaenda kwa madereva boda wa Kimasai. Mmoja alimfukuza. Alirudi tena wiki iliyofuata.

Ye naye ameomba radhi, mara kadhaa, na sisi hatujui ya safari hii itadumu vipi. Wa kuisamehe au kutoisamehe ni wale aliowatukana. Sisi wa Mombo tunaweza kuacha kumtumia kama sinema. Tunaweza kusema kwa sauti, kijiweni, kwamba kumsifia Hitler ni uovu na kwamba kusema utumwa ni hiari ni uongo, tukaishia hapo bila kuongeza "chizi" wala "Lutindi" mwishoni mwa sentensi. Slipa vaa tu, sina neno na slipa.

Kuhusu mwana wetu: leo yuko fresh. Anakunywa dawa, kila tarehe ya kliniki anapanda mlima, na analala saa tatu usiku kama kuku. Mwaka jana aliomba kazi ya ukonda kwenye gari moja. Tajiri alimpokea vizuri, wakakubaliana mpaka siku ya kuanza. Kisha tajiri akatoa simu yake, akambonyezea klipu. Ileile, ya kreti, na kicheko chetu nyuma. Akamuuliza, "Huyu si wewe?" Kazi ikaishia hapo. Sasa hivi yuko dirishani tena na beseni la maplamsi.

Yangu niliifuta usiku ule aliponisimulia, na niliwapitia wale wana wengine sita, mmoja mmoja, wakafuta mbele yangu. Lakini ilishatoka Mombo zamani. Iko Korogwe, iko Handeni, iko Tanga, inaitwa "chizi wa Mombo." Kama na wewe unayo, iko dakika moja na sekunde kumi na mbili, inaanza na basi jeupe linapita. Ifute leo. Na aliyekutumia, mwambie naye afute.